Kodi ya ardhi Dodoma: kwa nini anatozwa aliyejenga na kuachwa aliyeshikilia kiwanja?

#1 Mleta uzi

Wakuu, nawasalimu. Kuna jambo ambalo wanasiasa wanaojiita wanamageuzi, pamoja na sisi tunaowapigia kampeni, tumelizunguka kwa miaka mingi bila kuligusa, nalo ni kodi ya ardhi. Naliandika nikiwa mkazi wa Dodoma, mji ambao bei ya ardhi yake imepandishwa na maamuzi ya serikali kuliko na jasho la mwenye kiwanja yeyote.

Tuanze na kile tunachokatwa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hulipwa kupitia LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, ya ghorofa shilingi 5,000 kwa kila sakafu, na kuanzia mwaka wa fedha 2023/24 viwango hivyo vikapandishwa hadi 1,500 na 7,500. Ni kodi rahisi kukusanya, hilo silipingi. Lakini nyumba ya vyumba viwili yenye bati lililochakaa kule Chang'ombe hukatwa sawa na nyumba ya vyumba sita yenye uzio mrefu na bustani kule Area D, mradi zote mbili si ghorofa. Anayekatwa ni anayenunua umeme, ambaye mara nyingi ni mpangaji, ingawa mdaiwa halali ni mwenye nyumba. Kurudishiana kumeachiwa makubaliano yao wawili, na sote tunajua makubaliano ya namna hiyo huelemea upande gani. Kiwanja kitupu kilichozungushiwa seng'enge tangu enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, hakina mita, kwa hiyo kodi hii haikioni kabisa.

Mwenye kiwanja hicho hudaiwa kodi ya pango la ardhi, ambayo kwa viwanja vingi vya makazi ni ndogo kiasi kwamba haimsukumi kujenga wala kuuza. Wengine huacha hata hiyo ndogo irundikane wakisubiri msamaha wa riba, kama ule wa mwaka 2022, kisha huja kuuza siku barabara ya lami inapofika. Sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36 limeandikwa kwenye hati, na kila anayetembea Dodoma anaona jinsi linavyoheshimiwa.

Sasa tujiulize nani aliyekipandisha bei kiwanja hicho. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie hapa, na CDA ikaundwa mwaka huohuo. Kwa miongo minne ilishika ardhi ya mji na kuwapangisha wakazi kwa miaka 33. Julai 2016 serikali ikatangaza kuhama kweli. Mei 2017 CDA ikavunjwa na Rais Magufuli, na hati za miaka 33 zikapisha hati za miaka 99. Aprili 2018 Dodoma ikawa Jiji. Ukajengwa Mji wa Serikali Mtumba, ikaanza barabara ya mzunguko ya zaidi ya kilomita 112, ukaanza uwanja wa ndege wa Msalato, na Agosti 2024 treni ya SGR ikazinduliwa rasmi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika manispaa. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Miradi hiyo imelipwa, na mikopo yake inaendelea kulipwa, na walipa kodi wa nchi nzima, akiwamo mvuvi wa Ukerewe na mkulima wa korosho wa Newala ambao huenda wasiione Dodoma maishani mwao. Faida yake imeingia kwenye bei ya viwanja vya Iyumbu, Nala na Ihumwa.

Msingi ninaousimamia ni huu: thamani iliyozalishwa na jamii irudi kwa jamii, na thamani iliyozalishwa na mtu kwa tofali lake abaki nayo mwenyewe. Kwa hiyo kodi ya majengo ifutwe hatua kwa hatua, na mahali pake iwekwe kodi ya kila mwaka inayotokana na thamani ya ardhi peke yake katika maeneo ya mjini yaliyopimwa. Aliyejenga ghorofa nane na aliyeacha magugu kwenye viwanja viwili vinavyopakana na kulingana walipe sawa. Ardhi ya vijiji isiguswe.

Wala hili halihitaji kuanzishwa upya. Zamani serikali ilichukulia kwamba ardhi tupu haina thamani, na kwamba anayeuza huuza maendelezo tu. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 ziliachana na msimamo huo, na sheria yenyewe inaelekeza kwamba katika kupanga kodi ya pango, pamoja na ukubwa na matumizi, izingatiwe thamani ya ardhi kama inavyojionyesha katika mauzo ya eneo husika. Tukirudi nyuma zaidi, mwaka 1958 Nyerere alipinga pendekezo la serikali ya kikoloni la kuruhusu umilikaji huru wa ardhi kwa hoja kwamba katika nchi maskini wenye fedha wachache wangenunua na wengi wangegeuka wapangaji wao. Mwaka 1963 umilikaji huo ulifutwa. Ukabaila wa ardhi tuliukataa kwa sheria, kisha tukauacha urudi kwa njia ya bei.

Sasa nifike kwenye siasa, maana hapo ndipo penye uzito. Julai 2021 tulipiga kelele kuhusu tozo za miamala ya simu, na kelele zile zilizaa punguzo. Zilikuwa za haki, kwa sababu tozo ile ilimkamata mtu akimtumia mama yake fedha ya dawa. Katika madai yetu yote ya wakati ule, hata hivyo, sikuona mstari mmoja kuhusu ardhi iliyoshikiliwa bila kutumiwa. Sababu ninayoiona ni sisi wenyewe. Mwalimu, mtumishi wa umma, mwandishi wa habari, wakili wa haki za binadamu, mbunge wa chama tawala na mgombea wa upinzani, wote akiba zao ziko kwenye viwanja. Tunatetea wanyonge mpaka mstari wa mpaka wa plot yetu. Karibuni tujadili.

#2 Mwenyeji wa Iyumbu

Ndugu mleta uzi, umeandika vizuri, lakini umeandika kama mtu aliyenunua kiwanja. Sisi hatukununua. Wazee wetu walilima uwele na mtama pale kabla hakujakuwa na mtaa, na mji ndio uliotufuata. Leo ukimwambia mzee wa Kigogo mwenye ekari mbili kwamba shamba lake lina thamani ya mamilioni, atakuuliza mamilioni hayo yako mfuko gani. Kipato chake ni mbuzi wachache na zabibu za msimu mmoja ambazo bei yake hupangwa na mnunuzi. Ukimtoza kwa thamani ya soko, hajengi ghorofa, anamwita dalali. Ndani ya miaka mitano ardhi yote itakuwa ya watu walewale unaosema unawabana, ila safari hii wataipata kwa msaada wa sheria yako.

Pia msisahau kumbukumbu tuliyonayo kuhusu kodi. Wajerumani walileta kodi ya kibanda mwishoni mwa karne ya 19, na lengo halikuwa mapato pekee; lilikuwa kumlazimisha mtu aache shamba lake akatafute sarafu kwa kumfanyia kazi mwingine. Waingereza wakaendeleza. Hata baada ya uhuru, kodi ya maendeleo iliyofutwa mwaka 2003 iliwafanya baba zetu walale maporini kuwakwepa mgambo. Kila kodi hiyo ilikuja na maelezo mazuri ya msingi wake. Na kuhusu jamii kurudishiwa thamani yake: familia yetu ilipoondolewa eneo la kwanza, tulilipwa mazao na nyumba, ardhi ikahesabiwa bure. Wakati ule ardhi haikuwa na thamani kwa sababu ilikuwa yetu. Leo imepata thamani ili itozwe?

#3 Mpimaji mstaafu

Naomba nichangie upande wa utekelezaji, kwa sababu nimezeeka na ramani za mji huu.

Kodi ya namna anayoisema mleta uzi si ndoto. Nairobi kwa miaka mingi imetoza ardhi peke yake bila kuhesabu jengo. Tatizo la Nairobi halikuwa msingi wa kodi. Lilikuwa orodha ya tathmini. Orodha ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliendelea kutumika kwa takriban miongo minne, wakati mji umeshabadilika kabisa, na kila ilipotajwa tathmini mpya walijitokeza wenye nguvu wa kuizuia. Orodha ya zamani humpendelea yule ambaye eneo lake limepanda zaidi, na huyo ndiye kodi ilikusudiwa kumfikia. Kwa hiyo anayetaka kodi hii aanze na sheria inayolazimisha tathmini kila baada ya muda mfupi, na inayolazimisha ibandikwe hadharani, mtaa kwa mtaa, ili jirani aone thamani iliyoandikwa kwa jirani yake. Kutathmini ardhi tupu ni rahisi kuliko kutathmini nyumba, kwa sababu huingii sebuleni kwa mtu. Unaweka viwango vya mita ya mraba kwa kila eneo kutokana na mauzo. Ugumu ni kwamba mauzo yetu hudanganya. Mkataba unaopelekwa kukadiriwa kodi huandikwa bei moja, na fedha iliyohesabiwa mezani ni nyingine.

Ugumu wa pili ni hati. Wote mnajua viwanja vyenye wamiliki wawili, kila mmoja na karatasi yake. Ankara ya kodi ikifika, wote wawili watakimbilia kulipa, kwa sababu risiti ya kodi hugeuzwa ushahidi wa umiliki. Migogoro hiyo isipomalizwa kwanza, kodi itaichochea.

La tatu nitalisema kwa ufupi. Baada ya CDA kuvunjwa, Jiji lilipata sifa ya kuongoza nchini kwa mapato ya ndani, na sehemu kubwa ya mapato hayo ilitokana na mauzo ya viwanja. Ukiuza kiwanja unapata fedha mara moja, kisha unabaki na wajibu wa kukipelekea maji na barabara miaka yote. Mapato ya namna hiyo yana mwisho, na ardhi ya kupima itakapokwisha, swali la mleta uzi litaulizwa na mweka hazina badala ya mwanaharakati.

#4 Mleta uzi

Mwenyeji wa Iyumbu, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote na siwezi kuipita juujuu. Naigawa sehemu mbili.

Kuhusu mzee asiye na fedha taslimu: Denmark, ambayo hutoza kodi ya ardhi kwa muda mrefu, humruhusu mtu aliyefikia umri wa pensheni kuiweka kodi yake kama deni juu ya mali, likalipwa mali inapouzwa au inaporithiwa. Hapa tunaweza kusema kwamba kwa mtu anayeishi au kulima mwenyewe kwenye ardhi aliyoirithi, kodi isidaiwe mkononi bali iandikwe, na isimwondoe yeye wala mjane wake. Itadaiwa siku ardhi inapogeuzwa fedha. Siku hiyo fedha itakuwapo.

Kuhusu fidia ya ardhi iliyohesabiwa bure, hapo hatupingani hata kidogo. Sheria ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Serikali ambayo haiko tayari kulipa thamani ya ardhi inapotwaa haina uso wa kudai thamani hiyo inapotoza. Mambo haya mawili yaandikwe katika muswada mmoja, na la kwanza litangulie.

Lakini nakataa kumtumia mzee wa Iyumbu kama ngao ya mtu mwenye viwanja kumi na viwili Njedengwa. Kila kodi ya ardhi inapotajwa, wenye ardhi nyingi hujificha nyuma ya mjane mmoja. Angalieni Estonia: ilianza kutoza ardhi bila majengo mwaka 1993, ikaenda vizuri, kisha mwaka 2013 ikasamehe ardhi ya makazi ya mwenye nyumba hadi ukubwa fulani. Msamaha ule ulitetewa kwa jina la wastaafu, lakini uliwafikia pia wenye maeneo ya bei kali. Namna ya kumlinda mzee ni kuahirisha deni lake. Tukifuta deni la kila mtu kwa ajili yake, tumefuta kodi.

#5 Katibu wa tawi

Nawasoma kwa heshima, lakini mmesahau kwamba kuna uchaguzi. Mimi nazunguka mitaani na kadi za chama. Mwambie mkazi wa Nkuhungu aliyejinyima miaka saba akalipia kiwanja cha ndoto yake kwamba sera yetu ni kumwongezea kodi ya ardhi, halafu uone kama utamaliza sentensi. Hatasikia kwamba kodi ya majengo inafutwa, wala kwamba atalipa kidogo kuliko anavyokatwa leo. Atasikia neno kodi na neno ardhi, na mpinzani wako atakuwa ameshamalizia hadithi kabla hujafika mtaa wa pili.

Siasa ni kupata nafasi kwanza. Mimi ningependekeza tuanze na kitu kidogo kisichomtisha mtu: kodi kwa kiwanja kilichokaa bila kuendelezwa zaidi ya miaka mitano, na kwa anayemiliki zaidi ya viwanja vitatu. Tuwaache wengine wote. Kanuni kamili tuiweke kabatini mpaka tuwe na wabunge wa kuipitisha.

#6 Mama wa Kikuyu (ya Dodoma)

Katibu, nimeguswa na neno kabatini, kwa sababu nakumbuka kanuni nyingine iliyowekwa huko.

Vijana wengi hapa hawakuwa watu wazima wakati wa mjadala wa sheria za ardhi miaka ya 1990. Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji iliundwa mwaka 1991, ikazunguka nchi, ikasikiliza wananchi na kuwasilisha taarifa yake mwaka 1992. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kuitoa ardhi mikononi mwa watendaji wa serikali: ardhi ya taifa ishikwe na chombo kinachowajibika kwa Bunge, na ardhi ya vijiji ibaki kwa mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikuukubali msingi huo. Muswada ulipokuja, asasi zilijikusanya katika jukwaa la ardhi na kutoa Azimio la Uhai mwaka 1997, zikidai msingi uleule. Wakati huohuo wanawake wanasheria na wenzao waliunda kikosi kazi cha jinsia na ardhi. Wao hawakuung'ang'ania mjadala wa nani ashike ardhi ya nchi. Waliukubali muswada kama ulivyo na kupigania vifungu vya wanawake ndani yake.

Matokeo mnayajua. Bunge lilipitisha sheria Februari 1999. Ardhi yote imebaki mikononi mwa Rais kama mdhamini, kama watetezi wa jukwaa walivyohofia. Lakini sheria zote mbili, ya ardhi na ya ardhi ya vijiji, zimeandika kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Kifungu hicho kimesimama mahakamani kwa ajili ya wanawake wasiohesabika. Wakati ule kulikuwa na maneno makali kati ya makundi hayo: hawa waliitwa wasaliti waliokubali makombo, wale wakaitwa wasomi wa nadharia. Mimi sikuona usaliti. Niliona makundi mawili yenye kanuni mbili tofauti, na kila moja liliisimamia ya kwake waziwazi. Kinachonikera katika pendekezo la katibu ni kwamba halisemi linasimamia kanuni gani. Viwanja vitatu kwa nini? Kwa sababu viongozi wa tawi wana viwili?

Na nyinyi wote mnaopanga kodi hii, jina litakaloandikwa kwenye ankara ni la nani? Hati nyingi ziko kwa jina la mume peke yake. Deni likiahirishwa hadi urithi, litamwangukia mjane siku ndugu wa mume wanapofika na mizani yao. Andikeni hilo kabla ya mengine.

#7 Mleta uzi

Mama, nashukuru. Suala la mjane naliingiza kama ulivyolisema: deni lililoahirishwa lisiguse nusu ya mjane wala lisidaiwe akiwa bado anaishi pale.

Katibu, historia ya kodi hii ina watu waliojaribu njia yako, na mmoja ni mfano unaouma. David Lloyd George, akiwa waziri wa fedha wa Uingereza, alileta bajeti ya 1909 yenye kodi za thamani ya ardhi. Mabwana wenye ardhi waliijaza Nyumba ya Makabaila, yaani bunge la juu, wakaikataa bajeti hiyo, na mvutano ule ukaleta chaguzi mbili katika mwaka 1910 na hatimaye sheria ya 1911 iliyowapunguzia mabwana hao nguvu. Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa kidemokrasia. Kodi yenyewe, hata hivyo, ilikuwa imewekewa misamaha na masharti mengi ili kila mtu aimeze: ya kwanza ilitozwa asilimia 20 ya ongezeko la thamani pale tu ardhi ilipouzwa au mmiliki alipofariki, na ardhi ya kilimo iliachwa nje. Gharama ya kutathmini nchi nzima ikawa kubwa kuliko mapato. Mwaka 1920 kodi zile zilifutwa, na waziri mkuu wa serikali iliyozifuta alikuwa Lloyd George mwenyewe. Kodi ndogo isiyomtisha mtu haipati adui, na haipati mtetezi pia, kwa sababu hakuna anayeiona inafanya kazi.

Ila sitaki kuonekana nahubiri usafi. Henry George, Mmarekani ambaye jina lake limefungamana na wazo hili, aligombea umeya wa New York mwaka 1886 akiungwa mkono na vyama vya wafanyakazi, akashika nafasi ya pili mbele ya Theodore Roosevelt. Mwaka uliofuata chama chao kikawafukuza wanasoshalisti, kwa sababu hao walitaka mtaji nao utaifishwe na si ardhi pekee, na katika uchaguzi wa jimbo mwaka huohuo akaanguka vibaya. Mwaka 1888 akamuunga mkono Rais Grover Cleveland kwa ajili ya biashara huria, jambo lililomtenganisha na padri Edward McGlynn, aliyekuwa rafiki na msemaji wake mkubwa. Alifariki mwaka 1897 siku chache kabla ya uchaguzi mwingine wa umeya aliokuwa akigombea. Ukimsoma unaona mtu aliyekuwa thabiti katika hoja na mwenye mikono mizito katika ushirika. Kanuni yake ilibaki safi, na kundi lake likabaki dogo.

Kwa hiyo ninachomwomba katibu si usafi, ni uwazi. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Masharti yale yalikuwa makali, pengine makali kupita kiasi, lakini mwananchi alijua kiongozi anayezungumzia unyonyaji wa kodi za nyumba haishi kwa kodi hizo. Mwaka 1991 Zanzibar masharti hayo yalilegezwa, na tangu mwaka 1995 tunayo sheria ya maadili inayomtaka kiongozi atamke mali zake kwa Sekretarieti ya Maadili, ambako mwananchi wa kawaida hazioni kwa urahisi. Kwa chama chetu napendekeza hivi: kila anayeomba kugombea kwa tiketi yetu, kuanzia udiwani, aorodheshe viwanja vyake na ukubwa wake kwenye ubao wa ofisi ya tawi. Simkatazi kuwa navyo. Nataka mkazi wa Nkuhungu mwenye kiwanja kimoja aone kwamba anayemletea sera hii atalipa zaidi yake. Hapo utamaliza sentensi yako, katibu, hata ukiianza na neno kodi.

#8 Katibu wa tawi

Ubao wa ofisi ya tawi? Utabaki na wagombea wawili, na mmoja ni wewe. Lakini sawa, nitalipeleka kwenye kikao. Kuhusu viwanja vitatu, Mama wa Kikuyu, sikuchagua namba hiyo kwa ajili ya mtu, ila nakubali kwamba sina sababu nyingine ya kuitetea. Msimamo wangu wa kuanza na viwanja visivyoendelezwa naushikilia. Watu wanaiona dhuluma hiyo kwa macho yao kila wakipita njiani usiku, maana vichaka hivyo ndivyo maficho ya vibaka, na hakuna hotuba itakayofundisha kanuni yako kuliko hapo.

#9 Mpimaji mstaafu

Tahadhari moja kwa katibu. Ukitoza ambacho hakijaendelezwa tu, kesho utaona msingi wa tofali mia mbili na kibanda cha mlinzi kwenye kila kiwanja, na mkaguzi atakayeamua kama hayo ni maendelezo atakuwa tajiri. Ukitoza thamani ya ardhi bila kujali kilicho juu yake, hakuna cha kukagua.

#10 Mwenyeji wa Iyumbu

Nimewasoma wote. Nitaunga mkono kwa masharti matatu. Fidia ya thamani ya ardhi kwa waliotwaliwa ilipwe kwanza, ikiwamo ya zamani inayoweza kuthibitishwa. Deni la mwenyeji anayeishi na kulima kwenye ardhi yake liahirishwe bila riba. Na sehemu ya mapato ya kila mtaa ibaki mtaani, tuone bomba la maji likitoka kwenye ardhi yetu wenyewe, kwa sababu mpaka leo lami imepita na kisima ni kilekile.

#11 Mleta uzi

La kwanza na la tatu nayakubali kama yalivyo. La pili nalikubali kwa nusu: riba isiwepo, lakini deni lipandishwe kulingana na mfumuko wa bei, la sivyo baada ya miaka ishirini litakuwa halinunui hata mfuko wa saruji, na atakayefaidi ni mrithi anayeishi Dar es Salaam ambaye hajawahi kushika jembe pale Iyumbu. Kama hilo linakubalika kwako, naandika rasimu ya ukurasa mmoja, na katibu ataipeleka kwenye kikao chake pamoja na suala la ubao.

#12 Mwenyeji wa Iyumbu

Mfumuko wa bei unapimwa na nani? Ukinijibu hilo, andika.